Nimepewa oda ya fulana za kuokoa kifaru, bei ya pembe imeandikwa kifuani. Niichape?

Fundi Skrini (Moshi)
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, maana oda inatakiwa kabla ya tarehe 22 na kianzio nimeshakila.

Nina fremu ndogo ya kuchapa fulana hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Kazi zangu ni zile zile: fulana za misiba, za kipaimara, jezi za timu za mtaani, na za kampeni msimu ukifika. Wiki iliyopita wakaja vijana watatu wapole, wana kikundi chao cha mazingira. Wanataka fulana 60 na bango la mita tatu kwa mbili kwa ajili ya Siku ya Faru Duniani, ambayo huwa Septemba 22. Wakatoa nusu ya hela papo hapo bila kubishana bei. Anayejua biashara hii anajua mteja asiyebishana ni baraka, kwa hiyo sikuuliza mengi.

Dizaini walikuja nayo kwenye simu. Juu picha ya kifaru. Chini yake, kwa herufi kubwa nyekundu: KILO MOJA YA PEMBE NI, halafu mamilioni (siyataji hapa, mtaona kwa nini). Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, "tuwaokoe".

Juzi asubuhi nikachapa moja ya sampuli, nikaianika kwenye kamba mlangoni wino ukauke. Mbele yangu pana kijiwe cha bodaboda. Haikupita nusu saa wamejaa mlangoni. Nikafurahi, nikasema ujumbe umefika, nikasogea nisikilize. Wa kwanza anaisoma ile namba kwa sauti, anairudia kama mtu anayehakiki muamala. Wa pili kaokota kijiti, anapiga hesabu chini kwenye vumbi: kilo moja ni Boxer mpya ngapi. Wa tatu anamkumbusha kuwa kifaru ana pembe mbili, kwa hiyo azidishe. Wa nne ni kijana ninayemwamini, humpa mzigo wa Himo na chenji inarudi kamili. Huyo akaniuliza taratibu kabisa, "Fundi, hivi hawa si wako Mkomazi? Yaani hapo tu Same?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza wamebaki wangapi.

Nikaianua ikiwa bado mbichi, wino ukanigandia kwenye vidole. Hesabu ya kijiti ilibaki pale chini mpaka mama wa chai alipomwaga maji ya vikombe.

Nimempigia kiongozi wa kikundi. Anasema namba ndiyo inayomsimamisha mtu. Sasa mimi nafanyaje, wamesimama kweli! Naomba kujua kama ni uoga wangu tu, au kuna tatizo hapa. Na kama bei inatoka, niweke nini ambacho kitamsimamisha bodaboda bila kumtafutia kijiti? Picha nimeiweka hapo chini, namba nimeifunika kwa kidole.

---

Kiduku wa Pasua
Jumatatu, saa 2:52 usiku

Mkuu kwani hiyo kilo inacheza kwenye shilingi ngapi? Nauliza kwa elimu tu.

---

Fundi Skrini (Moshi)
Jumatatu, saa 2:55 usiku

Mnaona sasa.

---

Dereva wa Kilombero (Arusha)
Jumatatu, saa 4:10 usiku

Fundi, pole, na umefanya la maana kuianua. Mimi naendesha wageni huu mwaka wa 14. Hata wao swali la bei ndilo la kwanza tukimwona kifaru, kabla hata hawajatoa kamera. Tofauti ni kwamba mgeni akishajua bei anarudi hotelini kula.

Nianze na picha, maana hii itawaaibisha vijana. Huyo waliyemtoa mtandaoni mdomo wake mpana, bapa, kama koleo. Huyo ni kifaru mweupe, anakula majani ya chini kama ng'ombe. Wa kwetu wa asili ni mweusi, mdomo wa juu umechongoka na unapinda, anashika nao kijiti kama unavyoshika wewe kwa kidole. Rangi isikusumbue, wote ni wa kijivu, na akitoka kugaagaa ana rangi ya tope la mahali alipolala. Angalia mdomo tu.

La pili ndilo kubwa. Hiyo fulana inaongea na nani? Mabango mengi yanasema pembe si dawa, ni kitu kile kile cha kucha na nywele. Ni kweli tupu. Anayetaka kujitibu kwa pembe atafune kucha zake, ni bure. Lakini hilo mwambie mtu wa Hanoi kule Vietnam, hapa Moshi nani umemwona anakunywa unga wa pembe? Miaka ya 70 na 80 nyingi zilikwenda Yemen kuwa mipini ya majambia. Nyingine zilikwenda China kwenye dawa za asili, mpaka wakapiga marufuku mwaka 1993. Kisha Vietnam ikapanda. Afrika Kusini mwaka 2007 waliuawa vifaru 13, mwaka 2014 wakauawa 1,215. Na Vietnam kwenyewe kifaru wao wa mwisho alikutwa mwaka 2010 ana risasi mguuni na pembe imekatwa. Mnunuzi wa namna hiyo hajui kama Moshi ni mji au ni ule unaotoka jikoni.

Kama wanataka namba lazima, ziko za aina nyingine. Vifaru weusi Afrika nzima mwaka 1970 walikuwa kama 65,000. Mwaka 1995 walibaki kama 2,400. Leo wamevuka 6,000. Kule kreta ya Ngorongoro miaka ya 60 mtafiti John Goddard aliwatambua zaidi ya 100, mmoja mmoja. Kufika miaka ya 90 walikuwa hawafiki 20. Hizo haziwezi kununua pikipiki.

---

Mangi Asiye na Duka
Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Samahani nitaharibu uzi. Sisi Rombo tembo wanakula mahindi, tunakesha tunapiga madebe, na kifuta jasho ukikipata mtoto keshamaliza shule. Leo naambiwa nivae fulana ya kifaru. Kifaru ananisaidia nini mimi?

---

Dereva wa Kilombero (Arusha)
Jumanne, saa 12:48 asubuhi

Mangi, hoja yako ya tembo ni ya kweli na inastahili uzi wake. Ila kifaru mahindi yako hajala. Huyu anakula miiba.

---

Mzee wa Doria
Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Kijana wa fulana, mimi nimestaafu. Zaidi ya nusu ya utumishi wangu nimelinda faru. (Kazini tulisema faru. Kifaru ni kile cha jeshi. Lakini andikeni mnavyotaka, mnyama hasomi.)

Hujaogopa bure. Nikuambie nani tulikuwa tunamkamata. Matajiri sikumbuki. Alikuwa kijana wa kuonyesha njia, kijana wa kubeba, kijana wa pikipiki. Anaambiwa kuna mzigo, chukua hapa peleka pale, utapewa laki mbili. Aliyemtuma anamjua kwa jina moja, na jina lenyewe la uongo. Simu ya huyo mtu ilikuwa inazimwa siku ile ile. Yale mamilioni ya kwenye fulana yako hayajawahi kumfikia mbebaji hata mmoja. Kwa hiyo si tu kwamba yanachochea, ni uongo pia kwa huyo anayeyasoma mlangoni kwako.

Mmoja simsahau. Tulimkuta alfajiri chini ya mgunga, amevua viatu, malengelenge yamepasuka miguu yote miwili. Hakukimbia. Aliniomba simu ampigie mama yake asimwekee chakula cha mchana, maana alimuaga kwamba anakwenda mnadani na atarudi. Kukutwa na nyara ya Serikali ni kifungu cha 86, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kesi inakwenda kama uhujumu uchumi. Alipewa miaka 20. Sheria inaruhusu mpaka 30. Huyo mama bado yuko hai.

Jambo jingine, bango lisiseme wako wapi na wako wangapi mahali fulani. Na nyie madereva nanyi, kwenye redio mkiitana mnataja mpaka mti. Punguzeni. Mei 2010 waliletwa faru watano Serengeti kutoka Afrika Kusini, Rais Kikwete mwenyewe akaenda kuwapokea. Desemba mwaka ule ule mmoja wao, George, akauawa. Ulinzi ulikuwepo. Ilikuwa miezi saba tu.

Ukitaka cha kuandika, nitakupa nilichokiona. Faru macho hana. Pua anayo, masikio anayo, lakini ukisimama kimya upande ambao upepo haukuchongei anaweza kukupita kama nguzo. Anayeona ni yule ndege wa mgongoni, mdomo mwekundu. Tulikuwa tukinyata doria, ghafla unamsikia anatoa sauti ya kukwaruza, tsrrr, tsrrr, faru anainua kichwa, na sisi kila mtu anatafuta mti wake. Wazee walimwita askari wa kifaru. Hawakukosea.

---

Dereva wa Kilombero (Arusha)
Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Mzee shikamoo. La redio tumelisikia, ni kweli tunakosea.

Hilo la ndege limefanyiwa utafiti Afrika Kusini, likatoka mwaka 2020. Mtafiti alikuwa anamwendea kifaru mweusi kwa miguu. Asiye na ndege alimgundua mara 23 katika 100 tu. Mwenye ndege alimgundua kila mara, mtu akiwa bado mbali, wastani wa mita 61. Na akishasikia ile sauti kifaru hageuki ovyo, anaelekea upande ambako upepo unakwenda, yaani kule ambako pua haimsaidii na mwindaji ndiko angetokea. Watafiti wenyewe walisema jina la Kiswahili ndilo lililowafanya walichunguze. Hilo huwa nawaambia wageni kwa maringo, utadhani jina nimelitoa mimi.

---

Binti wa Same
Jumanne, saa 7:05 mchana

Shikamoo mzee. Fundi habari za kazi.

Mimi nimezaliwa Same. Kifaru nilikuwa namjua kwa vitu viwili: noti ya elfu tano, na makonda wanaoita "Kifaru, Kifaru!" basi likikaribia kile kituo cha Mwanga. Nikiwa shule tukapelekwa Mkomazi kwa basi, kwenye ule mpango wa Rafiki wa Faru. Tulikatazwa kupiga kelele, na unajua darasa la sita. Akatokea mmoja karibu na dirisha langu. Hakufanya kitu chochote cha ajabu. Alikuwa anakula kichaka cha miiba, anakunja ule mdomo, anavuta, kijiti kinalia ka! kama mtu anavunja kuni za jikoni. Ka! Ka! Darasa zima kimya. Sikioni alikuwa na alama zimekatwa, mwalimu wa hifadhini akatuambia ndizo za kumtambua, na akatutajia jina lake. Tulirudi nyumbani tunambishania yeye, kama ni mkali au alikuwa ametuzoea. Faru wengine sikuwa hata nawawaza.

Ndiyo maana nasema weka mmoja mwenye jina. Mnakumbuka Faru John? Desemba 2015 alihamishwa kutoka Ngorongoro kupelekwa Grumeti, kule Serengeti, mwaka uliofuata akafa, na Desemba 2016 Waziri Mkuu Majaliwa akauliza yuko wapi. Pembe zikapelekwa mpaka mezani kwake, tume ikaundwa. Nchi nzima ilimjua. Mama yangu anayeuza ndizi stendi, ambaye hajawahi kuvuka geti la hifadhi yoyote, alikuwa anamfuatilia John kama mkwe aliyepotea. Semina gani ingefanya hivyo? Na Fausta je, alivyokufa kule kreta Desemba 2019 akiwa anakadiriwa miaka 57, watu walitumiana picha na kuandika "pumzika bibi".

Na sisi Kilimanjaro tuna wa kwetu wa kusimulia. Mkomazi walikwisha kabisa miaka ya 80, wakaanza kurudishwa mwaka 1997. Juni 2016 kuna jike, Eliska, alitoka kwenye bustani ya wanyama huko Ucheki, akashushwa KIA kwa ndege, akapelekwa Mkomazi kwa gari. Barabara ni moja hiyo hiyo, kwa hiyo amepita Moshi hapo. Huenda hata mbele ya kijiwe chako.

Mimi Mpare na kesi tunazipenda, ila hii ya kifungu cha 86 hapana. Iandike mgongoni mwa fulana.

Kama hujui kumchora, chukua shilingi hamsini yoyote mfukoni. Yuko na mtoto wake.

---

Kiduku wa Pasua
Jumanne, saa 7:20 mchana

Hamsini nimeitafuta nyumba nzima. Ngumu kupata kuliko kifaru mwenyewe.

---

Fundi Skrini (Moshi)
Ijumaa, saa 3:30 usiku

Wakuu narudisha mrejesho. Mzee wa Doria, shikamoo sana.

Hamsini nilipewa na mama wa chai, alikuwa nayo kwenye kopo la chenji zisizopokelewa. Nikakaa na taa usiku, nikachora kwa penseli kwanza. Mama amesimama, mtoto pembeni. Mdomo nilikosea mara tatu, kila nikichora unatoka kama wa kasuku. Binti wa Same, ule mlio wako ndio ulionisaidia, nikamchorea kijiti mdomoni na mdomo ukakaa sawa wenyewe. Mgongoni nikaweka ndege mdogo, mdomo ndio nyekundu pekee kwenye fulana nzima. Chini nikaandika maneno matatu: ASKARI WA KIFARU. Hakuna namba.

Vijana wa kikundi walipokuja, kiongozi hakupenda. Akasema haielezi tatizo. Mwenzake, msichana mmoja ambaye siku ya kwanza hakusema neno, akamuuliza, "Kwani ile ya bei ilieleza?" Wakabishana kwenye fremu yangu saa nzima na mteja wa fulana za msiba amekaa anasubiri. Mwisho tumekubaliana fulana zitoke hivyo. Mgongoni nimeweka maneno ya mzee, nimeyafupisha: ALIYEKUTUMA HUMJUI. MIAKA 20 NI YAKO. Bango wamelichukua wakaandike wenyewe kwingine. Wameniahidi bei haitakuwepo, ila nimewaambia Septemba 22 nitapita kuliangalia, na kama ipo nitadai skrini yangu ya kwanza walipe.

Nikaanika sampuli mpya pale pale. Wale wale wakaja. Wa kijiti akaanza, "Askari gani, wa pori?" Nikawaambia habari ya ndege. Mmoja hakuamini, akasema ndege ana shida zake, anafuata kupe tu. Nikamwambia hata hivyo kelele anapiga. Wakabishana kama faru anamwelewa ndege au anashtuka tu. Sijui mlivyozoea nyie, lakini bodaboda wakianza kubishana kuhusu ndege, abiria wanapita kwa miguu.

Yule wangu wa Himo hakubishana. Aliigeuza fulana kwenye kamba, akasoma mgongo, akairudisha mbele. Akaniambia kuna jamaa mwezi wa sita alimpa kazi ya kuchukua boksi Same usiku, hela nzuri, akakataa kwa sababu taa ya pikipiki ilikuwa imekufa. Nikamuuliza boksi la nini. Akasema ndiyo hilo, hakuuliza. Hatukuongea zaidi, akavaa kofia akawasha.

Baadaye jioni akarudi kuulizia bei. Ya fulana.

---

Mzee wa Doria
Ijumaa, saa 4:02 usiku

Marahaba. Huyo kijana mwambie jamaa akirudi na boksi jingine, aende ofisi ya wanyamapori au polisi mchana, asiende na pikipiki ya mtu mwingine, na asimsimulie mtu kijiweni.

Mnyama umemchora vizuri. Mkia mfupi kidogo.

---

Dereva wa Kilombero (Arusha)
Ijumaa, saa 4:15 usiku

Fundi, natuma hela nipate tano, nazigawa kwa madereva wenzangu wenye midomo kwenye redio. XL zipo?

---

Fundi Skrini (Moshi)
Ijumaa, saa 4:19 usiku

Zipo, ila nyeusi zimeisha. Nina kijivu.